Draiva si dereva

Mchezaji wa ridhaa anayejaribu fimbo mpya kwenye uwanja wa gofu wa Machakos husema: "Draiva hii ni nyepesi." Namuunga mkono. Neno la Kiingereza ni lile lile lililotupa dereva, lakini dereva ni mtu: dereva huyu anaendesha, madereva hawa wanaendesha. Fimbo imeingia ngeli ya I-ZI: draiva hii inapiga, draiva hizi zinapiga. Matamshi mawili, ngeli mbili. Kamusi ziyapokee yote. Fimbo yenyewe inastahili jina lake: kichwa chake ndicho kikubwa kuliko vyote mkobani, na sheria hazikiruhusu kuzidi sentimita 460 za ujazo.