Nyungu ya Pemba na wageni waliomo ndani yake

Wadau, mnaukumbuka mwaka 2020? Korona imeingia, na ghafla kila nyumba ina daktari wake. Rais Magufuli akahimiza kujifukiza, na mwezi Mei ndege ikatumwa Madagascar kuchukua dawa ya mitishamba. Kwetu Pemba wala hatukuhitaji ndege. Chungu kipo, blanketi lipo, majani yako nyuma ya nyumba. Dawa ya mababu, bwana!

Mababu gani hasa? Nimejaribu kuyafuatilia majani yenyewe, moja moja, nikaishia kucheka. Mkaratusi kwao Australia. Mwarobaini umetoka Bara Hindi, sisi tumeupa jina la maradhi arubaini tu. Tangawizi nayo ni ya Asia. Kivumbasi angalau huota porini huku kwetu.

Halafu karafuu, ile ambayo bibi huitafuna kikohozi kikimbana! Kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Wafaransa waliipeleka Mauritius mwaka 1770, na Zanzibar ikafika mwanzoni mwa karne ya 19. Pemba ilikuja kuwa bingwa wa karafuu baada ya kimbunga cha 1872 kuing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha yetu. Waliopanda na kuchuma wengi wao walikuwa watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria mpaka 1897. Hayo hayasemwi tukiwa chini ya blanketi.

Kwa hiyo mimi nikisikia "dawa ya asili" nasikia historia ya majahazi. Bibi zetu walipokea miti ya kigeni, wakaijaribu, wakabakisha iliyowafaa. Huo ndio ujuzi ninaouheshimu. Mvuke hulainisha kamasi na kufungua pua, na mwenye mafua anapata nafuu ya kweli. Lakini kirusi kilichokwisha kuzama mapafuni mvuke haukiui, na chungu kikipinduka kinaunguza vibaya.

Tatizo la 2020 halikuwa nyungu, jamani. Tatizo ni kwamba nyungu ilisifiwa huku takwimu zimenyamazishwa. Za taifa zilikoma mwisho wa Aprili, za Zanzibar mwanzoni mwa Mei. Watu wakawa wanaugua "changamoto ya kupumua", eti. Ndiyo maana tangazo la ACT-Wazalendo la tarehe 31 Januari 2021 lilishtua: Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona. Ugonjwa ukatajwa kwa jina lake. Tarehe 17 Februari Maalim akafariki Muhimbili, akaja kuzikwa kwao Mtambwe, hapa hapa Pemba. Baada ya hapo sikumsikia mtu kijijini akiuliza kama korona ni kweli.

Chanjo ilifika mwaka huo huo. Shangazi yangu wa Wete alichanja asubuhi, na jioni akachemsha mkaratusi wake kama kawaida.