Kununua Mahitaji Wakati wa Mlipuko wa Ugonjwa: Somo la UVIKO-19 kwa Maduka na Masoko ya Bonde la Kilombero

Na Mwandishi Wetu

Mkazi wa Mkula, chini ya Milima ya Udzungwa kando ya barabara ya Mikumi–Ifakara wilayani Kilombero, hanunui mahitaji yake kama mkazi wa jiji lenye supamaketi. Hasukumi toroli kati ya rafu, na mara nyingi hana jokofu la kuhifadhi kitoweo cha wiki mbili. Hununua sukari robo, mafuta ya kula kwa kipimo na nyanya kwa fungu, na kesho yake hurudi tena dukani. Kanuni za kununua chakula wakati wa mlipuko zilizotungwa kwa ajili ya supamaketi haziwezi kuhamishiwa kijijini bila kwanza kuangalia namna wananchi wa huko wanavyoishi.

Makala haya yanaeleza hatua zilizochukuliwa katika masoko na maduka wakati wa janga la UVIKO-19, sababu za hatua hizo, na kanuni ambazo mfanyabiashara, mnunuzi na kiongozi wa soko wanapaswa kuzizingatia pindi ugonjwa mwingine wa kuambukiza unapotokea.

Hali ilivyokuwa mwaka 2020

Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi, 2020. Siku tano baadaye, tarehe 16 Machi, aliyekuwa Waziri wa Afya, Mhe. Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, msafiri aliyeingia kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Tarehe 17 Machi, aliyekuwa Waziri Mkuu, Mhe. Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule na kusitishwa kwa mikusanyiko, ikiwemo ya michezo. Vyuo vilifuata, na mwezi Aprili ndege za abiria kutoka nje ya nchi zilisitishwa.

Hata hivyo, Serikali haikuwazuia wananchi kutoka majumbani. Masoko, maduka na magulio yaliendelea kufanya kazi kwa masharti ya kujikinga. Vyuo na wanafunzi wa kidato cha sita walirejea masomoni tarehe 1 Juni, 2020, na shule nyingine zilifunguliwa tarehe 29 Juni.

Nchi jirani zilichukua njia tofauti. Rwanda ilifunga shughuli nyingi kuanzia usiku wa tarehe 21 Machi, ikiacha wazi masoko na maduka ya chakula, dawa, mafuta na vifaa vya usafi. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi, kati ya saa 1:00 jioni na saa 11:00 alfajiri. Nchini Uganda, wauzaji wa bidhaa zisizo chakula waliondolewa masokoni, na wauzaji wa chakula wakatakiwa kulala humo humo sokoni ili wasiupeleke ugonjwa majumbani. Pamoja na tofauti hizo, hakuna nchi kati ya hizo iliyoweza kufunga mlango wa chakula. Kila moja ililazimika kutafuta namna ya kumwezesha mwananchi kununua bila kuambukizwa.

Supamaketi zilivyojipanga

Katika miji mikubwa duniani, hofu ilitangulia ugonjwa. Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi, 2020, misururu ya wanunuzi ilionekana siku hiyo hiyo katika supamaketi za Nairobi. Nchini Uingereza na Australia, rafu za karatasi za chooni na tambi zilibaki tupu, na wenye maduka wakaweka kikomo cha idadi ya bidhaa kwa kila mnunuzi. Baadhi walitenga saa ya kwanza ya asubuhi kwa ajili ya wazee na watu wenye ulemavu.

Baadaye taratibu za supamaketi zilifanana karibu kila mahali: idadi maalumu ya watu kuingia kwa wakati mmoja, alama sakafuni za kuonesha umbali, kunawa au kutakasa mikono mlangoni, barakoa, na kioo au plastiki kati ya mteja na mpokea fedha.

Duka la kijijini lina faida na upungufu wake

Sehemu ya taratibu hizo tayari ipo katika duka la mtaani, lile ambalo wengi huliita kwa Mangi. Katika maduka mengi ya aina hiyo, mteja husimama nje na kuhudumiwa kupitia dirisha la nondo. Hashiki bidhaa asizozinunua wala haingii ndani. Kizuizi ambacho supamaketi zilikigharamia kwa plastiki, duka la kijijini lilikuwa nacho miaka yote kwa sababu ya usalama wa mali.

Faida ya pili ni hewa. Mwanzoni mwa janga mkazo mkubwa uliwekwa kwenye kusafisha vitu vinavyoguswa. Kadiri ushahidi ulivyoongezeka, ilibainika kuwa virusi vya UVIKO-19 huenea zaidi kwa matone na chembe ndogo za hewa anazotoa mtu anapozungumza, kukohoa au kupumua, hasa ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Kwa msingi huo, genge la mboga lililo wazi lina hatari ndogo kuliko chumba chenye wateja kumi na dirisha moja.

Upungufu upo katika msongamano na maji. Wateja wa duka la mtaani aghalabu hawapangi foleni. Husongamana dirishani, kila mmoja akipenyeza mkono wenye fedha katikati ya nondo. Gulio nalo hukusanya watu wa vijiji vingi kwa saa chache, na wafanyabiashara wake huhama kutoka gulio moja kwenda jingine, hivyo mtu mmoja mwenye maambukizi anaweza kuyafikisha mbali katika wiki moja.

Kwa sababu hiyo, kupunguza saa za soko si lazima kupunguze hatari. Wanunuzi wakibaki wale wale na muda ukafupishwa, msongamano huongezeka. Vivyo hivyo, kufunga gulio moja huwapeleka watu katika gulio la jirani. Njia bora ni kutawanya: kupanua eneo la kuuzia, kuacha nafasi kati ya meza na meza, na kuwashauri wakazi wa karibu kuja asubuhi mapema ili wale wa mbali wakute nafasi.

Kalenda ya mpunga na uzito wa kufunga soko

Bonde la Kilombero hutegemea mpunga. Katika mashamba yanayotegemea mvua, mavuno huanza kuingia kuanzia mwezi Mei. Miezi ya Machi na Aprili, wakati janga lilipoingia nchini, ni miezi ya masika ambapo kaya nyingi zimekwisha kula akiba ya msimu uliopita na huishi kwa kibarua cha siku ili kupata chakula cha siku. Kwa kaya ya namna hiyo, kumwambia mama anunue mahitaji ya siku kumi na nne na kubaki nyumbani ni kumwambia jambo ambalo mfuko wake hauliwezi. Anayeuza mchicha gengeni na anayeununua wako katika hali moja: wote wawili hula kutokana na soko la leo.

Hilo halimaanishi kuwa soko lililo wazi halina hatari. Wajibu wa kuzuia maambukizi huhamia kwa watu wenyewe na kwa uongozi wa eneo lao, na tahadhari hulazimika kuwepo kila siku soko linapokuwa wazi.

Kanuni za kuzingatia

*Kwa mwenye duka, genge au mgahawa:*

- Kuweka ndoo yenye koki au kibuyu chirizi, pamoja na sabuni, mahali ambapo mteja anapita kabla ya kuhudumiwa. Maji yawe yanayotiririka; beseni moja la kunawia watu wote hueneza ugonjwa.
- Kuchora mistari au kupanga mawe ardhini kwa umbali usiopungua mita moja, ili kila mteja ajue pa kusimama.
- Kupima na kufunga mapema bidhaa zinazonunuliwa sana, kama sukari, chumvi na unga, ili mteja asikae muda mrefu dirishani.
- Kuepuka kupokea fedha na kushika chakula kisichofungwa kwa mkono huo huo bila kunawa.
- Kufungua milango na madirisha iwapo wateja wanaingia ndani.
- Kutofungua biashara akiwa na homa au kikohozi, na kumtafuta mtu wa kumshikia nafasi.

*Kwa mnunuzi:*

- Kwenda mtu mmoja kutoka kila kaya, akiwa na orodha ya mahitaji yake.
- Kunawa mikono kwa maji tiririka na sabuni kwa muda usiopungua sekunde 20, kabla ya kununua na baada ya kurudi nyumbani.
- Kuvaa barakoa inayofunika pua na mdomo. Barakoa iliyoshushwa kidevuni haimkingi mvaaji wala jirani yake.
- Kutominyaminya nyanya, maembe au mkate asiokusudia kununua.
- Kuosha matunda na mboga kwa maji safi. Dawa za kusafishia sakafu na nguo hazitumiki kuoshea chakula.
- Kulipa kwa simu inapowezekana. Mei 2020 Benki Kuu ya Tanzania ilipandisha kiwango cha miamala ya simu kwa siku kutoka Shilingi milioni 3 hadi milioni 5 ili kuhimiza malipo yasiyotumia fedha taslimu.

*Kwa uongozi wa soko, kijiji na kata:*

- Kumteua mtu wa kujaza ndoo na kusimamia sabuni. Ndoo isiyo na msimamizi hukauka siku ya tatu.
- Kutoa matangazo kwa vipaza sauti, misikitini, makanisani na katika vituo vya bodaboda.
- Kushirikiana na Afisa Afya wa eneo, ambaye hufanya kazi kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009.

Bei na ulanguzi

Mlipuko hujaribu pia uadilifu wa mfanyabiashara. Mwezi Aprili 2020 sukari iliadimika na kupanda bei, hali iliyoilazimu Serikali kutangaza bei elekezi. Kilombero ni eneo la mashamba ya miwa na viwanda vya sukari, lakini viwanda husimama wakati wa masika kwa kuwa miwa haivuniki vizuri katika mvua nyingi. Hivyo hata anayeishi karibu na kiwanda anaweza kuikosa sukari dukani.

Mnunuzi naye ana sehemu yake. Anayebeba mifuko mitano kwa hofu humfanya jirani yake akose hata robo, na uhaba huo huwa kisingizio cha kupandisha bei. Mwananchi anayeuziwa juu ya bei elekezi anashauriwa kudai risiti na kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji au Afisa Biashara wa halmashauri.

Mwenendo mbele ya watu

Salamu ni sehemu ya utu wetu, na kumnyima mtu mkono huonekana dharau. Mwanzoni mwa Machi 2020, picha za Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, na Hayati Maalim Seif Sharif Hamad wakisalimiana kwa miguu Ikulu jijini Dar es Salaam zilisambaa nchini. Wengi walicheka, lakini walielewa kuwa heshima inaweza kubaki hata mikono isipokutana. Mkono kifuani na shikamoo iliyotamkwa vizuri hutosha.

Mtoto ndiye anayetumwa dukani mara nyingi zaidi. Afundishwe kunawa, kusubiri zamu na kurudi moja kwa moja nyumbani. Mtu mzima naye asimpite mtoto katika foleni kwa sababu ya udogo wake, kwani humchelewesha mahali penye watu. Mzee, mjamzito na mwenye ulemavu wapishwe mbele.

Anayekohoa sokoni asizomewe wala kufukuzwa. Unyanyapaa humfanya mgonjwa afiche dalili na kuchelewa kituo cha afya. Ashauriwe kwa staha arudi nyumbani, na jirani amnunulie mahitaji na kumwekea mlangoni.

Somo lililobaki

Udhaifu mkubwa ulionekana pale hofu ilipopungua. Katika maeneo mengi ndoo zilikauka na barakoa zikawekwa kando kabla ugonjwa haujaisha, na mapema mwaka 2021 ikabidi wananchi wahimizwe upya. Tarehe 28 Julai, 2021, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Samia Suluhu Hassan, alizindua chanjo ya UVIKO-19 nchini, na tarehe 5 Mei, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ugonjwa huo si dharura ya kimataifa tena.

Milipuko haikuishia hapo. Ugonjwa wa virusi vya Marburg ulithibitishwa mkoani Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025, na kipindupindu hurejea mara kwa mara, hasa wakati wa mvua. Magonjwa haya hayaenei kwa njia moja, na kila ugonjwa huwa na maelekezo yake kutoka Wizara ya Afya. Hata hivyo, maji tiririka, sabuni, nafasi kati ya mtu na mtu, na taarifa ya mapema kwa kituo cha afya ni kinga inayofaa katika milipuko mingi.

Kibuyu chirizi hutengenezwa kwa dumu, kamba na kijiti, na gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda Ifakara kutibiwa. Kikining'inizwa leo mbele ya duka na kujazwa kila asubuhi, mlipuko ujao utawakuta watoto wa Mkula wamekwisha kuzoea kunawa kabla ya kuomba sukari robo.

Mwananchi mwenye dalili au swali kuhusu ugonjwa wa mlipuko anaweza kupiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo.