Filta Iliyolitia Anga Weusi

Wapiga picha wa kwanza wa mandhari walisumbuliwa sana na anga. Dawa iliyopakwa kwenye vioo vyao iliwahi mno kuunasa mwanga wa buluu na kuchelewa kuunasa ule wa majani na miamba. Miti ilipokuwa ndiyo kwanza inatokea, mawingu yalikuwa yamekwishaungua. Juu pakabaki peupe pe!

Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alipata njia. Alipiga bahari kwa kioo kimoja na anga kwa kingine, kisha akavichapa pamoja kwenye karatasi moja. Mawingu mengine aliyatumia katika picha zaidi ya moja.

Suluhisho la kudumu lilitoka Croydon, Uingereza. Mwaka 1906 kampuni ya Wratten & Wainwright ilianza kuuza vioo vilivyonasa rangi zote, hata nyekundu. Kwa vioo hivyo, filta za rangi zilipata nguvu mpya: filta nyekundu huuzuia mwanga wa buluu, na anga la buluu hutoka jeusi.

Tarehe 10 Aprili 1927, Ansel Adams, kijana wa miaka 25, alipanda na wenzake katika milima ya Yosemite, California, akiwa na kamera kubwa na vioo 12. Alipofika mbele ya jabali la Half Dome alikuwa amebakiwa na viwili. Cha kwanza alikipiga kwa filta ya njano, mara akang'amua kwamba picha ile isingebeba kishindo alichokihisi mbele ya jabali lile. Akaweka filta nyekundu iliyokoza na kukiachia kioo cha mwisho mwanga kwa sekunde 5. Picha iliposafishwa, anga lilikuwa karibu jeusi, na jabali limejitenga nalo kwa ukali wa kutisha.

Anga la mchana ule halikuwa jeusi. Lakini Adams aliichagua filta kwa kulitazama jabali lenyewe, na hapo ndipo ukuu wa picha hiyo ulipo. Mtu huyohuyo, mwaka 1932, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Group f/64, kundi lililowapinga wapiga picha waliolainisha na kupaka kazi zao hadi zifanane na michoro.

Michoro hiyo ilirudi kwa mlango wa kompyuta. Mwaka 1991 programu ya Aldus Gallery Effects iliwezesha picha ya msitu igeuzwe mchoro wa mkaa au wa rangi za maji. Ila kanuni zake zilikuwa zilezile kwa kila picha, iwe ya msitu au ya uso wa mtu.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2015 kutoka Tübingen, Ujerumani. Leon Gatys, Alexander Ecker na Matthias Bethge walichukua picha ya nyumba na miti kando ya mto Neckar, wakautumia mtandao wa neva bandia uliofunzwa kutambua vitu. Mtandao huo uliweza kushika umbo la mandhari kutoka picha moja na mtindo wa uchoraji kutoka nyingine. Neckar ileile ikatoka kama kwa mkono wa mchoraji Turner, wa van Gogh, kisha wa Munch.

Mwaka uliofuata programu ya Prisma iliingiza kazi ya namna hiyo kwenye simu. Mwanzoni picha zilitumwa kwenye kompyuta za mbali. Baadaye simu yenyewe ikaifanya kazi hiyo. Mtindo ukishachaguliwa, mtumiaji huburuta kidole juu ya picha kuuongeza au kuupunguza nguvu, na mpenda mandhari anayepunguza hadi magome ya mti yaonekane tena anafanya uamuzi wa mpiga picha.