Taasisi ya nyuklia ya Poland: jina lilifutwa, kazi ikabaki

Neno nyuklia likitajwa, wengi hufikiria bomu au umeme. Lakini historia ya taasisi moja ya Poland inaonyesha matumizi mengine: dawa za hospitalini. Taasisi hiyo ilivunjwa mwaka 1982. Miaka 28 baadaye, kinu ilichokiacha kilisaidia wagonjwa wa nchi nyingi wakati dawa muhimu ilipokuwa adimu duniani.

Ilianzaje?

Poland ina historia ndefu katika elimu ya mionzi. Maria Skłodowska-Curie, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1867, alishinda Tuzo ya Nobel mara mbili. Mwaka 1898, yeye na mumewe Pierre waligundua elementi waliyoiita poloniamu, kwa heshima ya nchi yake ambayo wakati huo ilikuwa imegawanywa na madola jirani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Poland ilikuwa chini ya serikali ya kikomunisti na mshirika wa Muungano wa Kisovieti. Mwaka 1955 Wasovieti walikubali kuzisaidia nchi washirika kupata vinu vya nyuklia vya utafiti. Mwezi Juni mwaka huo huo, serikali ya Poland iliunda Taasisi ya Utafiti wa Nyuklia, kwa Kipolandi Instytut Badań Jądrowych. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa mwanafizikia Andrzej Sołtan.

Makao yake makubwa yalijengwa Świerk, katikati ya misitu ya misonobari karibu na mji wa Otwock, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka Warsaw.

Kinu cha utafiti ni nini?

Ndani ya kinu, chembe ndogo ziitwazo nyutroni hupasua viini vya atomu za urani. Kila kiini kinapopasuka hutoa joto na nyutroni nyingine, ambazo huenda kupasua viini vingine. Kituo cha umeme hutaka lile joto. Kinu cha utafiti hutaka nyutroni: kitu kikiwekwa ndani yake, kinaweza kugeuka na kuanza kutoa mionzi. Ndivyo dawa nyingi za nyuklia zinavyotengenezwa.

Kinu cha kwanza cha Poland, EWA, kilichotoka kwa Wasovieti, kiliwashwa Świerk mwezi Juni 1958. Kilianza na nguvu ya megawati 2, baadaye kikafikishwa megawati 10, na kikafanya kazi hadi 1995. Cha pili, chenye nguvu ya megawati 30, kiliwashwa Desemba 1974 na kupewa jina la Maria, kwa kumbukumbu ya Skłodowska-Curie.

Kwa nini taasisi ilivunjwa?

Desemba 1981, serikali ilitangaza sheria ya kijeshi ili kuuzima muungano wa wafanyakazi wa Solidarność. Nchi ikiwa bado chini ya sheria hiyo, mwaka 1982, taasisi ilivunjwa na kugawanywa katika taasisi tatu: moja ya nishati ya atomiki, moja ya fizikia iliyopewa jina la Sołtan, na moja ya kemia na teknolojia ya nyuklia.

Mwaka huo huo ujenzi wa kituo cha kwanza cha umeme wa nyuklia ulianza Żarnowiec, kaskazini mwa nchi. Mwaka 1986 ikatokea ajali ya Chernobyl, na upinzani wa wananchi ukaongezeka. Mwaka 1990 serikali mpya iliusimamisha mradi huo moja kwa moja. Umeme uliosubiriwa haukupatikana. Kinu cha Maria nacho kilizimwa mwaka 1985 kwa matengenezo makubwa, kikarudi kazini miaka ya 1990.

Mwaka 2010 kulitokea nini?

Hospitali nyingi hutumia teknetiamu-99m. Mgonjwa hudungwa kiasi kidogo, kisha kamera maalumu huonyesha kama saratani imefika kwenye mifupa, au kama damu inafika vizuri kwenye moyo.

Tatizo ni kwamba dawa hii haiwekeki. Ni kama maziwa yasiyo na jokofu. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Molybdeni-99 inayoizalisha hupungua kwa nusu kila baada ya saa 66, yaani chini ya siku tatu. Kwa hiyo lazima itengenezwe kila wiki, na vinu vinavyoitengeneza ni vichache.

Mwaka 2009 kinu cha Chalk River nchini Canada kilisimama kwa sababu ya kuvuja. Februari 2010 kinu cha Petten, Uholanzi, nacho kikasimama kwa matengenezo. Hivyo vilikuwa vinu viwili vikubwa zaidi katika kazi hii, na vipimo vya wagonjwa vilianza kuahirishwa.

Wataalamu wa Świerk waliingilia kati. Vibamba vya urani viliwekwa ndani ya Maria, kisha vikapelekwa Uholanzi kutolewa molybdeni. Kinu ambacho hakikuwahi kufanya kazi hiyo kwa soko la dunia kikawa miongoni mwa vilivyoziba pengo.

Nini kilifuata?

Mwaka 2011, taasisi mbili kati ya zile tatu ziliunganishwa tena Świerk na kuwa Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Nyuklia. Pia hapo hutengenezwa iodini-131, inayotumika kutibu saratani ya tezi ya shingo na tezi inayofanya kazi kupita kiasi.

Poland sasa inajiandaa kujenga kituo chake cha kwanza cha umeme wa nyuklia karibu na pwani ya Bahari ya Baltiki. Umeme ulioahidiwa zamani bado unasubiriwa, lakini dawa zilikwisha kuwafikia wagonjwa.