Kavumu: hukumu ilitoka, usingizi bado

Kuanzia mwaka 2013, hapa kwetu Kavumu, teritware ya Kabare, usiku uligeuka adui. Watoto wasichana walichukuliwa vitandani wazazi wao wakiwa wamelala, wakabakwa, kisha wakaachwa mashambani. Hadi 2016 walikuwa wamezidi 40. Wengine hawakuwa hata na miaka 2. Wengi walitunzwa katika hospitali ya Panzi, Bukavu, kwa Daktari Denis Mukwege na wenzake.

Mwezi wa 6 mwaka 2016 washukiwa walikamatwa. Tarehe 13/12/2017, mahakama ya kijeshi iliyokuja kukaa hapahapa Kavumu iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mmoja wao alikuwa mbunge wa jimbo, Frederic Batumike. Mwaka 2018 hukumu hiyo ilithibitishwa kwenye rufaa.

Hayo wakaaji wengi wanayakumbuka. Tunachosahau ni kwamba wale watoto hawakusimamishwa mbele ya majaji. Maneno yao yalikuwa yamekwisha kurekodiwa kwa video, na ndiyo yaliyotumika. Wazazi waliotoa ushahidi walifunikwa, wasitambulike. Sababu ni hii: kumlazimisha mtoto asimulie tena na tena ni kumrudisha mahali palepale.

Hicho ndicho kiwewe. Jambo limepita, lakini mwili haujajua kwamba limepita. Mtoto anashtuka mlango ukigongwa, anakojoa kitandani, anaota ndoto mbaya, anakaa kimya shuleni. Si ulozi wala ukaidi. Madaktari wa Marekani waliuandika ugonjwa huu katika kitabu chao mwaka 1980, baada ya vita ya Vietnam. Askari wakubwa walikuwa na dalili za namna hiyo.

Kwetu Kavumu kidonda kiliingia kwenye usingizi wenyewe. Mama aliyeamka akakuta kitanda kitupu anajiuliza: kwa nini nilisinzia? Yeye naye anahitaji kutunzwa, ijapokuwa hakuguswa.

Mwezi wa 2 mwaka 2025 vita ilifika tena kwenye uwanja wetu wa ndege. Wale watoto wamekuwa wasichana wakubwa, na mlio wa risasi unaweza kuamsha ya zamani. Basi, ndugu jirani, tusiwaulize "ilikuwaje?", wala tusiwaonyeshe kidole njiani. Anayetaka kusema, tumsikilize. Anayenyamaza, tumkaribishe tu. Asiyelala usiku, tumsindikize kwa mganga wa kituo cha afya. Majaji waliwakinga kwa siku chache za kesi. Siku zilizobaki ni zetu.