Kuchungulia Ndani ya Vigeu vya PHP

PHP ilianza mwaka 1994, Rasmus Lerdorf alipoandika programu chache za kufuatilia waliofungua wasifu wake wa kazi kwenye intaneti. Aliitoa kwa umma Juni 1995. Msimbo wake hutekelezwa kwenye seva. Mtumiaji hupata ukurasa tu, na ukurasa ukishatoka, vigeu vyote hufutwa kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo njia nyepesi ya kujua kigeu kimebeba nini ilikuwa kukichapa ndani ya ukurasa wenyewe kwa amri ya echo, kupandisha faili kwenye seva, kisha kufungua ukurasa upya.

Lakini echo ilificha mengi. Thamani za false na null hazichapi chochote, na safu, yaani kigeu kimoja chenye thamani nyingi, huchapa neno Array basi. PHP 4, iliyotoka Mei 2000, ilikuwa na print_r, inayopanga yaliyomo ya safu ngazi kwa ngazi, na var_dump, inayotaja pia aina ya thamani na urefu wake. Kwa kuwa kivinjari hukunja nafasi na mistari, watu walizoea kuyazungushia matokeo hayo alama ya <pre> ili yasomeke.

Kati ya hizo mbili, var_dump ndiyo iliyookoa kazi nyingi zaidi. Chukua fomu inayoleta jina Asha, na hifadhidata inakataa kuwa inalo. Kwa echo jina linaonekana halina kasoro. Kwa var_dump hutokea string(5) "Asha ", na ile 5 kwa jina la herufi nne inafichua nafasi iliyoachwa mwishoni. Vilevile hutenganisha int(0), string(1) "0" na bool(false), ambazo PHP huziona sawa zikilinganishwa kwa alama ya ==. Hitilafu ngumu kweli hujificha hapo.

Mwaka 2002 ulileta var_export, inayoandika thamani kama msimbo halali wa PHP, pamoja na Xdebug ya Derick Rethans. Kwa Xdebug, programu husimamishwa kwenye mstari uliochaguliwa, na vigeu vyote hukaguliwa bila kuchapa kitu kwenye ukurasa. Hilo lilipunguza hatari kubwa ya njia ya zamani: var_dump iliyosahaulika kwenye tovuti inayotumika inaweza kumwonyesha mgeni nywila za hifadhidata. Hata hivyo uchapaji haukuachwa. Mwaka 2014 Symfony, mfumo wa kuundia programu za PHP, iliongeza dump(), yenye matokeo ya rangi yanayofunguka na kufungika.