Elitra: ala ya bawa

Bandua gome la mti uliokauka, na wadudu watatawanyika kabla hujawatazama vizuri. Anayetaka kujua yupi ni mbawakawa, na ni wa jamaa gani, aanzie mgongoni. Hapo ndipo ilipo elitra, istilahi ambayo kwa Kiswahili yafaa iitwe ala ya bawa.

Mbawakawa ana jozi mbili za mabawa. Ya nyuma ni laini, nayo ndiyo ya kurukia. Ya mbele yamekakamaa. Kazi yake ni kuyafunika ya nyuma mdudu anapojipenyeza kwenye ufa. Elitra ni neno la Kigiriki, maana yake kifuniko au ala. Hata Coleoptera, jina la kundi zima la mbawakawa, limejengwa hivyo hivyo: koleos ni ala, pteron ni bawa. Aristotle aliwaita hivyo katika karne ya 4 K.K.

Wapo wanaosema “mabawa magumu”, lakini mbawakawa kadhaa wana ala laini zinazopindika. “Gamba” nalo linachanganya, kwani mwili mzima wa mdudu umevaa gamba. Ala ikiachwa peke yake, msomaji atafikiria muziki. Kwa hiyo tuseme ala ya bawa.

Turudi chini ya gome. Ala mbili zikikutana kwa mstari ulionyooka katikati ya mgongo, huyo ni mbawakawa. Kunguni wa gome, ambaye naye ni bapa, hana mstari huo: mabawa yake hulaliana, na mdomo wake ni mrija. Ala zikiwa fupi na kuacha wazi pingili nyingi za fumbatio, huenda ni Staphylinidae, ila akiwa na koleo mkiani si mbawakawa. Mweusi anayeng’aa, ambaye ala zake zimeishia kabla ya pingili mbili za mwisho, mara nyingi ni Histeridae, jamaa ya wawindaji.

Anayesumbua ni yule wa mviringo mrefu, ambaye ala zake huporomoka ghafla kwa nyuma. Mteremko huo, mara nyingi wenye vijino, humsaidia kusukuma unga wa mbao nje ya njia yake. Anaweza kuwa mtoboa gome wa Scolytinae, au Bostrichidae. Tazama vipapasio: vya Scolytinae vina kiwiko na rungu lililoshikamana, vya Bostrichidae havina kiwiko, na pingili za rungu lake zimeachana.

Bostrichidae ndiyo jamaa ya dumuzi, Prostephanus truncatus, aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakulima wanamjua kwenye mahindi ghalani, lakini kwa asili ni mtoboa mbao, na porini bado huishi kwenye miti mikavu. Truncatus ni Kilatini, maana yake “iliyokatwa”. Mtazame kwa lenzi ule mwisho wa ala zake, utaona jina limemkaa. Adui yake, Teretrius nigrescens, aliyeachiwa Kenya mwaka 1992 ili amwinde, ni wa Histeridae.

Buu hana ala, na chini ya gome mabuu ni wengi. Kwa buu utatazama kichwa, miguu na njia alizochimba. Au umweke kwenye chupa yenye matundu pamoja na kipande cha ule mti, usubiri akomae.